Pua ya Des na Glasi ya Kwanza

Kabla hamjaagiza chochote, nuseni. Simameni hatua chache ndani ya mlango, mkung'ute theluji viatuni, mvute hewa. Pabu nzuri, yaani baa ya Kiingereza, hunukia nyama iliyookwa, mbao kuukuu, na kitu fulani kinachofanana na mkate ambao bado haujaingia oveni. Pabu mbaya hunukia dawa ya kufukuza harufu. Mwenye pabu anayemwaga manukato sakafuni ana jambo analolificha, na mara nyingi jambo hilo limo ndani ya mabomba ya bia.

Nawaandikia ninyi vijana wetu wa Toronto mnaoanza kazi za baa na mikahawa huku mkisoma, na hasa wewe, mpwa wangu Neema, uliyeajiriwa majuzi. Kiswahili changu unakielewa chote na kunijibu unanijibu kwa Kiingereza. Safari hii utanisoma mpaka mwisho ndipo unijibu kwa lugha uipendayo. Najua pia kwamba miongoni mwenu wapo ambao pombe haiingii nyumbani kwao, wala haitaingia. Hao nawaheshimu, na nawaomba wabaki nami kwa ajili ya pai, maana pai itakuwepo.

Sijafikia umri wa kuitwa mstaafu. Mgongo wangu ndio uliostaafu kwanza, nami nikaufuata. Nilikuja nchi hii na shahada ya historia, nikaajiriwa kuosha glasi katika pabu ambayo nitaiita Korongo, kwa sababu ya ndege aliyechorwa juu ya mlango wake, mwenye mguu mmoja tu kwa kuwa mchoraji aliishiwa ubao. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa. Glasi nilizioshea juu, kisha nikateremshwa ghala la chini kuwa msaidizi wa Des, na huko chini ndiko nilikokaa miaka yangu mizuri.

Des alikuwa Mwingereza wa kaskazini, mrefu, mwenye mikono ya seremala na sauti ya mtu asiyependa kuamsha mtoto. Kazi yake ilikuwa kuitunza ale, bia ya kizamani ambayo haisukumwi kwa gesi bali huvutwa kwa pampu ya mkono, na ambayo hufika ikiwa bado hai, hamira ikiwa bado inafanya kazi ndani ya pipa. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kuhudumia bia. Nikamjibu kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi kwenye baa moja Moshi, na kwamba huko swali la kwanza kwa mteja ni moja: ya moto au ya baridi?

"Ya moto?" akauliza.

"Ambayo haijaingia kwenye friji."

Akafikiri. "Hapa si ya moto wala si ya baridi. Hapa ni kama maji ya kisima. Ukiipoza sana, inalala. Ukiipasha, inakasirika."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia, kwa sababu nimelelewa na bibi aliyepika mbege. Wenzenu wa Kilimanjaro watawaeleza: ndizi mbivu huchemshwa, hukorogwa na kimea cha ulezi, na huwekwa gome chungu la msesewe ili utamu usizidi. Mbege nayo iko hai. Leo ni tamu, kesho ni kali kidogo, keshokutwa ni ya wazee wenye meno ya chuma. Des aliponionyesha maua makavu ya mhopi, yanayoipa ale uchungu wake, na kuniambia nitafune moja, ule uchungu ulipopanda puani nikacheka peke yangu. Ulikuwa msesewe ulioalikwa Ulaya.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Pipa likifika, lilazwe juu ya kichanja chake na lisiguswe tena. Msilisogeze kupisha ufagio. Msiliegemee. Mashapo yaliyomo yanatafuta sakafu, na kila mkilitikisa mnayaamsha yaanze safari upya. Juu ya tumbo la pipa kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa kigingi cha mti laini kinachoruhusu pumzi kutoka. Des aliinamisha sikio hapo kama daktari wa watoto. Pipa linapofoka, subiri. Linaponong'ona, badili kigingi uweke cha mti mgumu. Linaponyamaza, lifungue. Likishaingiwa na hewa, umri wake ni siku chache tu, na baada ya hapo huelekea siki, upende usipende.

Mabomba yasafishwe kila wiki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu meneja atawaambia yanaweza kusubiri.

Siku za Jumatatu Korongo ilifungwa, na Des alinitembeza kwenye pabu za watu wengine, kama vile mwalimu anavyowapeleka wanafunzi shambani. Kuna moja kando ya reli ambako glasi hutetemeka treni ikipita, na mama aliyekuwa akihudumia pale alizuia pampu kwa kiganja hadi behewa la mwisho, ndipo akaendelea. Kuna nyingine Markham, katikati ya ofisi na uwanja wa kuegesha magari, ambayo kwa nje ungedhani ni kliniki ya meno. Nilimcheka Des aliponiingiza humo. Halafu wakatuletea pai ya nyama na uyoga yenye ganda juu na ganda chini, rojo lake likiwa zito kiasi cha kusimamisha uma, na ale ya rangi ya chai ya rangi, nikanyamaza. Ganda la chini ndilo kipimo, vijana. Pai iliyofunikwa juu peke yake ni mchuzi uliovaa kofia.

Ya tatu iko karibu na ziwa, na ina moto wa kuni wa kweli. Huko Des alinifundisha kuomba kionjo kabla ya kuagiza glasi nzima, na kumtazama mhudumu usoni ninapoomba. Anayefurahi kukuonjesha anaiamini bia yake. Akikunja uso, wewe kunywa soda.

Lakini pai niliyoipenda kuliko zote ilipikwa pale pale Korongo, na mama wa Kikongo aitwaye Odette. Alijifunza chakula cha Kiingereza akiwa Toronto, akakitengeneza vizuri kuliko Waingereza walivyostahili. Kitunguu alikikaanga polepole mpaka kikawa kahawia na kitamu, ndipo nyama ikaingia. Wateja walimwuliza siri yake, naye akajibu kwa Kifaransa ili wasielewe.

Nimewaeleza yote haya ili mjue kilichokuwa hatarini pale mambo yalipoharibika.

Ulikuwa mwaka baa zilipofunguliwa tena baada ya yale maradhi yaliyoifunga dunia. Des aliugua, akapona, akarudi kazini amekonda, suruali ikishikiliwa na mkanda kwa huruma tu. Tulimshangilia. Bi Fiona, aliyeirithi Korongo kutoka kwa baba yake, alimkumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kuliona na Des hakuwahi kulitamani.

Kisha, taratibu, ale ikaanza kubaki. Wageni waliagiza glasi moja wakaiacha nusu. Wazee wa meza ya dirishani, waliokuwa wakinywa glasi kubwa, wakahamia glasi ndogo na kusingizia madaktari wao. Bi Fiona aliteremka ghalani mchana mmoja, akagonga mapipa kwa kidole cha pete, akasikia yalivyojaa.

"Des," alisema, "nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Hali ikiwa hivi hivi, nitang'oa pampu, niweke bia za gesi kama wenzangu wote. Bia za gesi hazihitaji mtu wa ghalani. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sipendi kusema hivyo."

"Najua, binti."

Alipopanda ngazi, Des aliendelea kufuta kichanja kilichokuwa safi tayari. Mimi nilichanganyikiwa kweli kweli, kwa kuwa kwa maoni yangu ale yetu haijawahi kuwa nzuri kama msimu ule. Ilikuwa na ukali mwembamba wa kupendeza, unaochoma kidogo pembeni mwa ulimi. Kila Des aliponipa kionjo, nilitabasamu. Nililaumu uchumi. Niliwalaumu vijana wa siku hizi, yaani ninyi, na vinywaji vyenu vya makopo yenye picha za matunda.

Siku chache baadaye, nikiwa ghalani, nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikapanda mbio. Odette alikuwa ametoka mlango wa nyuma kupokea viazi, na jikoni alisimama Des, mgongo wake karibu ugonge jiko, akisoma habari za mpira huku akitafuna kipande cha jibini. Nyuma yake sufuria ya vitunguu ilikuwa imegeuka makaa, moshi ukimzunguka mabega. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa bustanini.

Odette akaingia na gunia, akalitupa chini na kufoka kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Ee, Papa Des! Kitunguu iko naungua nyuma yako, weye unasimama tu! Pua yako uliacha wapi, kwa dokta?"

Des alinigeukia. "Amesema nini?"

"Anauliza pua yako uliiacha wapi."

Nilitafsiri kwa mzaha. Des hakucheka. Alilikunja gazeti mara mbili, akaliweka mezani, akateremka ghalani. Nami nikamfuata.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti, viganja vyake juu ya magoti.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu nilipougua. Daktari alisema huenda itarudi. Haijarudi. Si harufu, si ladha. Jibini ile ningeweza kudhani ni sabuni."

"Lakini umekuwa ukionja kila pipa."

"Nimekuwa nikiyasikiliza. Nimekuwa nikiangalia rangi kwenye mwanga. Mengine nakumbuka."

"Kukumbuka hakutoshi, Des. Nani amekuwa akiamua kwamba pipa ni zima?"

Akainua uso akanitazama kwa mshangao, kana kwamba swali hilo halikustahili kuulizwa.

"Wewe," alisema. "Nakupa kionjo, nautazama uso wako. Ukitabasamu, naiacha ipande juu."

Vijana wangu, kuna baridi ya Januari na kuna baridi ya namna ile. Nilichukua glasi, nikavuta ale kutoka pipa lililokuwa likiuzwa juu saa ile ile, na safari hii nikainywa kama mtu asiye na bibi. Ilikuwa siki. Siki safi, ya kuwekea achari. Kile nilichokuwa nikikitabasamia msimu mzima kilikuwa mbege ya siku ya tatu, ukali wa utotoni, ukumbi wa bibi na sauti za wajomba. Des aliamini ulimi wangu, nami niliamini pua yake, na kati yetu wawili tulikuwa tunawauzia watu wa Toronto pombe iliyochacha.

Nilipomweleza, alinigeukia.

"Kwa hiyo ulipotabasamu sana..."

"Ndipo ilipokuwa mbaya zaidi."

Akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka ikatubidi tushike kichanja, jambo ambalo nimewakataza. Kisha kicheko kikamwishia, akafuta macho.

"Usimwambie Fiona," alisema. "Baba yake aliniajiri kwa pua yangu. Nikikosa pua, mimi ni mzee anayebeba mapipa kwa shida."

"Kwetu tunasema mficha uchi hazai."

"Mimi nina mabinti wawili."

"Maana yake si hiyo."

"Najua maana yake si hiyo, Aminieli. Ninajaribu kupata muda."

Nikampa muda. Nikakaa kwenye kreti ya pili na kumweleza jinsi bibi yangu alivyofungua mbege. Hakuna mgeni aliyekunywa kabla yake. Alijaza kata, akanywa mwenyewe mbele ya watu wote ili waone kwamba hana la kuficha, kisha kata ikapita mkono kwa mkono, kuanzia mkubwa. Kila aliyenywa alikuwa na haki ya kusema, na alitakiwa kusema pale pale, machoni pake. Aliyesema mbele yake kwamba imechacha alipewa kiti. Aliyekwenda kusema njiani hakualikwa tena.

"Na kama imechacha?" aliuliza Des.

"Walimwambia. Akacheka, akawapa ndizi."

Akaliangalia pipa jipya lililokuwa limelala kimya, tayari kufunguliwa kesho yake. "Mimi sina ndizi," alisema.

Kesho yake alasiri, jua la mwisho wa majira ya baridi likiwa limefika meza ya dirishani, Des alipanda ngazi na glasi moja mkononi. Alikuwa amevaa shati la kuendea kanisani. Wazee wote walikuwepo. Mkubwa wao, Walter, alikuwa dereva wa tramu mpaka alipostaafu, na bado alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba taa itabadilika. Bi Fiona alikuwa nyuma ya kaunta akipanga glasi. Odette alisimama kwenye mlango wa jikoni, akijifanya anafuta sahani.

Des alikunywa kidogo mbele yao. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya chini:

"Sijui nimekunywa nini. Nimepoteza pua tangu nilipougua. Nimekuwa nikiwauzieni bia nisiyoweza kuionja, na nyingine ilikuwa siki. Nawaomba radhi. Hii ni ya pipa jipya. Nawaomba mniambie ninyi."

Akampa Walter ile glasi.

Walter hakuinywa mara moja. "Tunajua, Des," alisema. "Tumekunywa siki yako tangu Krismasi. Mke wangu aliniuliza kama siku hizi nakula achari njiani."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema, ungeondoka. Bia mbaya tunaweza kuivumilia. Hawa wageni ndio wasiokuwa na subira."

Nikasikia glasi ikiwekwa juu ya kaunta. Bi Fiona alikuwa ametoka nyuma yake na kusimama kati ya meza, mikono kiunoni, uso ukiwa mwekundu.

"Yaani ninyi nyote mlijua, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kung'oa pampu?"

"Tulidhani unajua pia," mmoja alisema.

Akamgeukia Des. "Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako aliniajiri kwa pua yangu."

"Baba yangu alikuajiri kwa sababu wewe peke yako uliamka mapema. Alinieleza mwenyewe. Pua yako aliigundua baadaye." Akakaa, akavuta pumzi. "Walter, kunywa bwana, tujue."

Walter akanusa, akanywa, akafumba macho. Akampa jirani yake. Glasi ikazunguka, kila mtu akisema neno: safi, safi, ina uchungu mzuri, kama mkate. Odette akatoka mlangoni, akanywa, akasema, "Hii njo ya kweli." Ilipofika kwangu, Des aliwaeleza habari za tabasamu langu, na meza nzima ikapaza sauti: wewe kunywa, lakini usiseme kitu!

Bi Fiona alikuwa wa mwisho. Aliimaliza. Akasema pampu zinabaki, ila tangu siku ile hakuna pipa litakalouzwa kabla glasi yake ya kwanza haijapita mezani mchana kweupe, na atakayenyamaza kwa huruma hatakaribishwa tena. Nikajiambia kwamba bibi yangu amepata mjukuu mwingine.

Lile pipa la siki tulilimwaga, isipokuwa jagi moja. Odette alililowekea nyama, na pai ya wiki ile bado inazungumzwa.

Pua ya Des haikurudi. Alijifunza kazi upya kwa masikio na macho, na sisi tulikuwa pua yake. Hapo ndipo nilipogundua jinsi tunavyosema ovyo. Tungemwambia "nzuri," naye angetikisa kichwa. "Nzuri ni maoni yako. Mimi nataka harufu." Ikatubidi tutafute maneno. Walter alileta harufu ya nyaya za tramu baada ya mvua. Odette alileta kitunguu kinapoanza kuwa kahawia. Mimi Kiingereza kiliniishia, nikaleta nilichokuwa nacho: majani ya mgomba yaliyolowa, wakati jua linapoanza kuyapiga na mvuke kupanda. Des alifumba macho nilipomwambia hayo. Hajawahi kuuona mgomba uliosimama ardhini.

Kwa hiyo wewe Neema, na wenzako: mtakapofungua bidhaa yoyote, iwe bia, supu au samaki, anzeni ninyi kuionja, mbele ya watu. Kisha wapeni wengine, na msiwakasirikie wakisema. Mkiajiriwa na mtu asiyeruhusu hilo, tafuteni kazi kwingine; mji huu una pabu nyingi na ganda la chini bado linatafuta wapishi.

Siku mgongo wangu ulipokataa kabisa, nilikwenda kuaga. Ilikuwa alasiri, na pipa jipya lilikuwa limefunguliwa. Des alipanda ngazi na glasi ya kwanza, polepole, mkono mmoja ukutani. Kwa desturi yetu angekunywa yeye, kisha ampe Walter. Safari hii alipita meza ya dirishani, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, akaishika glasi chini ya pua yangu.

"Kabla hujanusa," alisema, "nikwambie ikoje, kama pipa lilivyoniambia." Akafumba macho. "Majani ya mgomba. Yamelowa. Jua ndiyo kwanza limetoka."

Nikanusa. Ilikuwa hivyo hivyo.